Chanjo ya Kuku wa Ugunja

Kangemi, Nairobi
Jumapili, 2 Februari 2025

Kwa Baba mkubwa Jackton,

Ulinifundisha kwamba barua huanza na salamu. Leo niache nianze vibaya, utanisahihisha baadaye, kwa sababu nikianza na salamu nitaogopa na nitaishia hapo hapo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si rafiki yangu wa deski moja, wala sijalitaja kwenye maombi. Baba haweki ile dawa ya macho. Anajifanya.

Nilimwona kwenye kioo cha kunyolea alichokitundika karibu na dirisha. Anainua uso, anavuta chini ukope kwa kidole vile tulivyoonyeshwa kliniki, analeta chupa juu ya jicho, anaibana. Halafu anapepesa kama mtu aliyeingiwa na tone. Lakini kifuniko kiko juu ya chupa, Baba mkubwa. Hakukifungua. Nilidhani siku ile alisahau. Nikamwangalia kesho yake, na siku zilizofuata. Kila asubuhi na kila jioni anainamishia jicho chupa iliyofungwa, kisha anachukua karatasi laini na kujifuta chozi ambalo halipo, makusudi, ili nimwone.

Sasa salamu. Sisi hatujambo. Mama bado analala kazini Parklands kwa Bi Jasleen na huja nyumbani Jumapili, ila leo hakuja kwa sababu wana wageni kutoka Nakuru. Mimi nimeingia kidato cha tatu. Mwalimu bado akiniuliza swali ninalijua jibu na sauti inakataa kutoka. Baba yuko kazini kwa Bwana Viraj, pale pale River Road, kwenye mashine ya kuchapa kadi. Wiki iliyopita alichanganya wino wa kadi za harusi, bluu ikatoka kijani kabisa, na Bwana Viraj akamuuliza, "Odero, hii ni harusi ama ni kampeni?" Watu walicheka. Baba alitusimulia akicheka pia. Lakini baadaye nilimwona ameketi dirishani na ile kadi, anaigeuza huku na huku kama anayetafuta rangi ilikojificha.

Ndiyo maana naogopa. Unakumbuka Desemba tulivyokuwa sote watatu, wewe, Baba na mimi, kwenye kile chumba cha kliniki, Mwololo yule muuguzi wa utafiti wa dawa akieleza, na mimi nikiwatafsiria Kiingereza cha daktari. Kwamba nyuma ya jicho kuna utando, na ndani yake kuna seli za neva, ndizo zinazoona na kupeleka habari kwenye ubongo. Ugonjwa wa sukari huanza kuziua kimyakimya, hata kabla mishipa ya damu haijaharibika. Mtu hasikii uchungu wowote. Anaanza tu kukosea bluu, na jioni anapapasa ngazi. Seli iliyokufa hairudi. Dawa wanayoijaribu, kama itafanya kazi, ni ya kuzilinda zile ambazo bado ziko hai. Kwa hiyo walimkubali Baba, ambaye zake nyingi zipo, na wewe wakakuambia macho yako yamepita hapo. Pole tena, Baba mkubwa. Nakumbuka ulivyoinamisha kichwa kutoka kliniki Parklands mpaka huku kwetu.

Baba hamsikilizi mtu ila wewe. Babu alipofariki ni wewe uliyemlea ukamsomesha. Tafadhali, mwambie afungue kifuniko. Usiseme ni mimi niliyekuambia.

Barua hii naituma pamoja na ule mzigo wa kila mwezi, thamosi ya barafu yenye chanjo ya kuku wako. Baba ameniagiza niipeleke River Road mwenyewe nisimpe mtu, na nimwambie karani wa mizigo asiiweke karibu na injini. Wasalimie kuku.

Mwanao,
Nanyama


Ugunja
9 Machi 2025

Kwa binti yangu Nanyama,

Mkono huu ni wa mama yako mkubwa Everlyn, maneno ni yangu mimi. Tuko wazima. Mvua imechelewa na maharagwe tumeyapanda kwa imani tu. Kanisa letu limepata paa jipya, na kwa bahati mbaya kwaya ni ile ile. Macho yangu hayajabadilika sana, ingawa mwaka huu nina tumaini zaidi kidogo kuliko mwaka uliopita.

Mwandiko wako umenyooka, Everlyn ameusifu. Ila barua huanza na salamu. Ulijua hivyo na ukavunja kwa makusudi, kwa hiyo sikusahihishi, nakukumbusha tu.

Kuhusu lile jambo lako. Mtoto hamchungulii babake kwenye kioo. Mtu mzima ana namna yake ya kutumia dawa. Labda huifungua ukiwa shuleni. Labda inamwasha. Macho ni yake, na ahadi aliyowapa wale watu wa Parklands ni yake. Nitazungumza naye nitakapoona inafaa.

Mzigo ulifika ukiwa baridi. Mshukuru sana kwa niaba yangu. Mwambie asichoke.

Soma, na ukiulizwa swali darasani, simama kwanza. Sauti hufuata miguu.

Baba yako mkubwa,
Jackton


Kangemi
13 Aprili 2025

Kwa Baba mkubwa,

Natumaini mvua imefika na maharagwe yameona haya yakaota. Huku kwetu ni matope mpaka mlangoni. Shule zimefungwa. Mama alikuja leo na sambusa alizopewa na Bi Jasleen, akalala kwenye kiti kabla hajavua viatu, nikamvua mimi. Bado hajui kitu. Anajua tu kwamba Baba ana dawa na kwamba anaitumia vizuri, kwa sababu ndivyo kliniki inavyosema.

Nataka nikueleze siku ya kliniki, maana nilikuwepo.

Tulikaa kwenye benchi na Mzee Gurdeep, seremala mstaafu wa Parklands ambaye pia yuko kwenye utafiti. Yeye huwa haongei polepole. Alimwona Baba akaanza akiwa mbali:

"Wee Odero! Yako ni dawa ama ni maji?"

"Yangu ni maji," Baba akasema.

"Basi hata yangu ni maji. Sasa wewe unamwagiliwa, mimi namwagiliwa. Hawa watu wametufanya maua!"

Benchi nzima ilicheka. Ni mchezo wao kila wakikutana, kwa sababu kama unavyokumbuka, nusu ya watu wanapewa dawa yenyewe na nusu wanapewa maji yenye chumvi kidogo, na chupa zinafanana. Hata Mwololo hajui nani ana nini. Itajulikana utafiti ukiisha.

Tukaitwa ndani. Mwololo alichukua chupa ya mwezi uliopita akaiweka kwenye mizani ndogo, maana hivyo ndivyo wanavyojua kama mtu anatumia. Akatabasamu. "Mzee Odero, wewe ndiye mwanafunzi wangu bora. Wengine hurudisha nusu. Wewe hata tone halibaki." Baba alinikonyezea jicho. Nikaangalia viatu vyangu.

Halafu wakampiga ile picha ya nyuma ya jicho. Mwololo aliangalia skrini akaacha kutabasamu. Akamwita daktari. Daktari alisema na mimi nikatafsiri, kwamba utando umekuwa mwembamba kuliko Desemba, na umepungua haraka kuliko walivyotarajia.

"Mwambie ni uzee," Baba akasema.

"Si uzee," Mwololo akajibu kabla sijafungua mdomo. "Pengine chupa yako ni ya maji, Mzee. Ama pengine dawa yenyewe haisaidii. Hata hilo ndilo tunatafuta kujua."

Unaelewa, Baba mkubwa? Dawa itahukumiwa kwa macho ambayo haijawahi kuyagusa. Mzee Gurdeep anaweka yake bila kuruka siku, na mwishoni ataambiwa labda haifai, kwa sababu ya uongo wa nyumbani kwetu. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mwololo alikuwa ananiangalia mimi. Nilisimama, kama ulivyonishauri. Miguu ilisimama peke yake, sauti haikuifuata.

Jana Baba alipoenda kuoga niliinua chupa mpya, ile tuliyopewa juzi tu. Ni tupu. Imeshakuwa nyepesi kama kifuniko chake. Nimenusa sinki, nimeangalia ndoo ya taka. Anaimwaga wapi? Na kwa nini mtu aende Parklands kuomba dawa aje aimwage?

Je, ulizungumza naye? Ndiyo ama la. Neno moja tu.

Mzigo wa kuku uko pamoja na barua hii. Barafu nimeongeza.

Nanyama


Ugunja
25 Mei 2025

Kwa Nanyama,

Barua yako ilifika. Nilichelewa kujibu kwa sababu ya palizi na kwa sababu ya homa kidogo. Maharagwe yameota. Mchungaji amehamishwa. Binti wa jirani yetu Oloo amepata kazi ya ualimu Bondo, na mimi ndiye niliyemfundisha kusoma.

Ndiyo ama la ni maswali ya mahakamani, na mimi si mshtakiwa wako. Babako ni mtu mwenye moyo mkubwa kuliko unavyoweza kumpima kwa kunusa sinki. Kuna mambo watu wazima wanayapanga kati yao na hawayatangazi.

Usiandike tena juu ya jambo hili.

Jackton

Nanyama mwanangu, Mwalimu ametoka kwenda kuoga. Hapa ni maneno yangu, Everlyn. Mimi ndiye ninayemsomea barua zako na mimi ndiye ninayeandika zake, kwa hiyo kila neno lenu limepita kinywani mwangu na mkononi mwangu. Yeye ni mume wangu na siwezi kusema alilokataa kulisema. Nitakuandikia habari za kuku tu. Kuku wetu wote walikufa kwa kideri mwezi wa Januari, mpaka yule jogoo mweusi aliyekukimbiza. Hawajapata chanjo mwaka huu, wala mwaka uliopita. Banda tunaweka kuni. Na jicho la kushoto la Mwalimu limekuwa jekundu, asubuhi linatoa usaha, na bado kila siku anaomba nimtolee kile kichupa kwenye friji ya duka la soda. Ni hayo tu ya kuku.


Kangemi
8 Juni 2025

Baba mkubwa,

Hatujambo. Sina salamu zaidi ya hizo. Mama mkubwa, ukimsomea hii tafadhali usiruke mahali.

Alhamisi Baba alinipa thamosi kama kawaida. "Chanjo ya kuku wa kaka yangu," akasema, "nenda nayo polepole." Nilikuwa nimebeba barua ya Mama mkubwa ndani ya soksi. Nilitembea nayo mpaka River Road, nikasimama kando ya watu wanaouza kufuli, nikafungua. Ndani ya barafu kulikuwa na kichupa kidogo cha dawa ya mafua ya pua, kimebanduliwa karatasi, na ndani yake dawa ya macho ya Baba. Yote. Ameihamisha kwa mikono yake, usiku nikiwa nimelala ama mchana nikiwa shuleni, halafu anabaki na chupa tupu ya kutuigizia mimi na kliniki.

Karani wa mizigo alikuwa ananingoja. "Siste, huo mzigo unaenda ama unakaa?"

Nikasema, "Unakaa."

Watu waligeuka. Sijawahi kusikia sauti yangu ikiwa kubwa hivyo barabarani. Nikamwaga kile kichupa kwenye mtaro, kwa sababu Mwololo alituonya dawa ikishahamishwa kwenye chupa nyingine inaingia uchafu na haifai jicho la mtu yeyote. Hilo jicho lako jekundu, Baba mkubwa, sasa unajua lilitoka wapi. Pole. Naandika pole na siihisi, na hilo linaniogopesha.

Kati ya watu wote nilikuandikia wewe. Niliogopa kumwambia Mama, nikaogopa kumwambia Mungu, nikakuambia wewe. Nikakuomba umwambie Baba afungue kifuniko, na kilichokuwa chini ya kifuniko kilikuwa ndani ya jicho lako. Mama mkubwa alipokuwa akikusomea ile barua ya kwanza, ulikuwa umeshaweka ya asubuhi? Ulikuwa bado unapepesa? Ukafikiria, ukatafuta maneno, ukasema mtoto hamchungulii babake. Ukasema mshukuru, asichoke. Na mimi nikamfikishia hayo maneno mwenyewe, neno kwa neno, akafurahi sana.

Na mimi ndiye niliyebeba. Kila mwezi. Nimekuwa nikiongeza barafu.

Jioni Baba aliniuliza, "Mzigo ulienda?"

"Ulienda."

"Uliweka barafu?"

"Niliweka."

"Wewe ni msichana wa maana," akanishika kichwa. Afadhali angenichapa.

Nataka jibu la swali moja. Wewe ulikuwa kwenye kile chumba. Ulisikia nikitafsiri kwamba kilichokufa hakirudi na kwamba dawa inalinda tu kilicho hai. Ulikuwa mwalimu. Ulielewa?

Nanyama


Ugunja
3 Agosti 2025

Kwa Nanyama,

Nimekaa na barua yako muda mrefu. Mama yako mkubwa alikubali kuandika hili jibu kwa sharti kwamba nisiache kitu. Yeye ni mzima. Mimi jicho la kushoto limetibiwa kituo cha afya, wakaniuliza nilikuwa naweka nini humo, nikasema vumbi. Everlyn amesema niandike hata hilo.

Siku ile Desemba, tulipotoka kliniki, wewe ulitangulia kununua maji. Odero alinishika mkono kwenye ngazi akaniambia, "Ulinipa chakula chako nikiwa mdogo. Sasa chukua hii yangu." Nilikataa. Wiki ya pili, nikipanda basi kurudi huku, aliniletea thamosi. Hapo sikukataa. Hadithi ya chanjo ya kuku ilikuwa yake. Alijua ni wewe utakayebeba, na alisema wewe ni mtoto usiyeuliza maswali.

Umeuliza kama nilielewa. Nimefundisha sayansi tangu nikiwa kijana. Nilimsikia Mwololo na nilikusikia wewe, na ulitafsiri vizuri kuliko ningeweza mimi. Ndiyo. Nilielewa kabla ya tone la kwanza. Nilijua haliwezi kunisaidia, na nilijua hata linaweza kuwa maji matupu.

Lakini hujawahi kuambiwa umechelewa, mwanangu. Wewe ukiambiwa, ndipo utanihukumu. Asubuhi nilikuwa nainua uso, kitu baridi kinaingia, na kwa dakika chache mimi pia nilikuwa mtu anayetibiwa. Siku moja nilimwambia Everlyn naona mstari wa kilima. Akaniambia upande ule hakuna kilima.

Odero hajui. Kila akipiga simu huniuliza, "Unaona?" na mimi husema, "Naona." Anaishi kwa hilo. Ukimwambia ukweli utamnyang'anya kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kufanya, na utanifanya mwongo mbele ya mtoto niliyemlea. Nakuomba umwachie zawadi yake. Na kama yeye mwenyewe, kwa hiari yake, atataka kunitumia nyingine, usisimame njiani.

Jackton

Nimeandika alivyosema. Sikuongeza wala kupunguza. E.


Kangemi
Jumamosi, 6 Septemba 2025

Kwa Baba mkubwa Jackton,

Natumaini jicho limepona kabisa na Mama mkubwa yuko salama. Shule zimefunguliwa. Mama alipata baridi ya kifua, Bi Jasleen akampa siku mbili za kupumzika, akazitumia kufua. Alisema nimekonda. Nilimwambia ni hesabu.

Bwana Viraj amemtoa Baba kwenye wino. Sasa anakunja kadi. Baba anasema ni mapumziko, kwamba mashine ilikuwa inamchosha mgongo, na mimi naitikia. Juzi alinitaka nimchagulie shati la bluu, yote mawili yaliyokuwa mkononi mwake yalikuwa ya bluu. Picha ya mwezi wa Julai ilikuwa mbaya kuliko ya Aprili. Daktari aliongea kwa sauti ndogo, na mimi nikatafsiri kwa sauti ndogo zaidi. Mwololo akaongeza kwamba hata bila matone, Baba akiishusha sukari na presha yake atakuwa amezilinda hizo neva, na kwamba bado kuna za kulinda. Bado zipo. Alilirudia neno hilo mara ya pili akiniangalia, nafikiri anajua kuna kitu.

Nimesoma barua yako mpaka imechanika kwenye mikunjo. Mahali uliposema hujawahi kuambiwa umechelewa, nililia, kwa sababu ni kweli. Halafu nikafika mahali uliposema nisisimame njiani, nikaacha kulia. Umenieleza kila kitu, nusura uniombe msamaha, halafu ukanyoosha mkono tena.

Unasema nikimwambia nitamnyang'anya zawadi. Baba mkubwa, hiyo zawadi ndiyo inayomla. Anapoteza macho yake akiamini yanakufikia wewe, na hayakufikii. Hayafiki popote. Wewe unajua, mimi najua, Mama mkubwa anajua. Ni yeye tu anayelipia ndiye hajui. Na mlinichagua mimi kubeba kwa sababu sisemi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba ninyi wawili, watu niliowapenda kuliko wote, mliangalia aibu yangu mkaona inafaa kazi.

Ni kweli sisemi. Lakini ulinifundisha kuandika.

Alhamisi nilikwenda kliniki peke yangu nikiwa na sare, nikamwambia Mwololo Baba yuko kazini. Alinipa chupa mpya kwa sababu ananiamini. Nimeiacha kwenye friji ya Mama Mutiso wa duka la maziwa. Nilimwambia asimpe mtu, hata Baba akija mwenyewe. "Haya, mama," akasema, "kwani ni ya uchawi?" Jumatatu ni siku yetu ya kliniki. Nitamwambia Mwololo yote. Huenda wakamtoa Baba kwenye utafiti, na kama ile chupa ni dawa kweli atakuwa ameikosa kabisa, na itakuwa ni kwa mkono wangu. Nimelifikiria hilo usiku na mchana. Lakini Mzee Gurdeep naye ana macho. Na wale wengine wote kwenye benchi.

Sitaki uandike kunizuia. Sitaki Baba apigiwe simu na wewe kabla hajasikia kutoka nyumbani kwake.

Namsikia chini kwenye ngazi. Ni mchana mweupe na bado anapapasa ukuta, nasikia kiganja kikikwaruza rangi. Barua zetu zote nimekuwa nikiziingiza ndani ya jalada la atlasi kabla hajafika, na hata sasa mkono wangu umeshakwenda kwenye atlasi wenyewe. Nimeurudisha.

Baba mkubwa, yako inaishia hapa. Hii haitatumwa mpaka mtu mwingine aisome kwanza.

BABA, KETI KARIBU NA DIRISHA. NAANDIKA KWA HERUFI KUBWA ILI USINIPE NIKUSOMEE, MAANA SITAWEZA. KAKA YAKO HAONI VIZURI ZAIDI. ALIJUA TANGU DESEMBA HATAONA. MZIGO WA JUNI HAUKWENDA, NILIUMWAGA, NIKAKUDANGANYA, NA YA BAADAYE NIMEKUWA NIKIMWAGA PIA. SIJUTII.

SELI ZILIZOBAKI HAI NI ZAKO. HIZI HAZIGAWIKI, BABA, HATA UKIPENDA.

Amefika mlangoni, anatafuta kitasa. Karatasi iko mezani, maandishi yako juu.